Palizi la Kwanza ni la Nani?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Mtwapa, Kikambala na Junju, kabla ya mvua za masika)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mahindi. Tulipokuwa tunaingia hapa, mama mmoja alituuliza kwa utani, "Mahindi tena? Si tunayajua tangu utotoni?" Ni kweli, mnayajua. Wengi wenu mlishika jembe kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo hatukuja kuwafundisha kulima. Tumekuja na swali. Kwa nini mashamba mawili yaliyopakana, udongo ule ule, mvua ile ile, mbegu iliyonunuliwa duka moja, hili litoe magunia kumi na lile lisifikishe matatu?

Tukiwauliza watu, majibu huwa mengi. Wengine husema ni mbolea. Wengine husema ni mbegu. Wengine husema fulani ana mkono wa kupanda, na wachache hunong'ona mambo ambayo hatutayataja hapa. Sisi, baada ya kuzunguka mashambani misimu mingi pamoja na mabwana shamba, jibu letu la kwanza ni siku. Aliyepanda wiki ile mvua ilipoanza, na akapalilia kabla magugu hayajafika magotini, ndiye mwenye magunia kumi. Mwingine alikuwa na nguvu sawa na akili sawa, lakini siku zile kumi na nne hazikuwa zake. Kwa nini hazikuwa zake ndilo jambo kubwa tulilokuja kusema, nalo tutalifikia.

Mnajua hesabu ya kwetu Pwani. Eka moja ya mkulima mdogo kwa kawaida hutoa magunia manne au matano ya kilo 90, na mwaka mbaya hata mawili hayajai. Shamba lililotunzwa vizuri, katika sehemu zetu hizi zinazopata mvua, hufika magunia 15 na zaidi. Hapo katikati pana magunia kumi yanayopotea kila mwaka bila mwizi kuonekana.

MBEGU, KWA UFUPI

Hapa hapa Mtwapa tuna kituo cha utafiti wa kilimo. Zamani kilikuwa chini ya KARI, na siku hizi kiko chini ya KALRO. Mbegu za mahindi zinazofaa joto letu na magonjwa yetu zinajulikana. Iko Coast Composite, iliyotolewa mwaka 1974. Iko Pwani Hybrid 1 ya mwaka 1989, inayokomaa haraka. Na iko Pwani Hybrid 4 ya mwaka 1995. Mtu akikuletea mbegu ya kule Kitale kwa kuwa gunzi lake ni kubwa kama mkono, mshukuru, lakini usiipande. Mbegu ile ilizaliwa kwa ajili ya baridi ya milimani, inakaa shambani miezi mingi, na mvua yetu itaiacha njiani.

Tofauti moja yafaa kila mwanakikundi aielewe, maana hapa watu hupoteza fedha. Mbegu ya chotara, yaani hizo Pwani Hybrid, hununuliwa kila msimu. Ukichukua punje za mavuno yako ukazipanda tena, mahindi yatatoka yenye vimo tofauti na mazao yatashuka. Coast Composite si hivyo, unaweza kuiwekea mbegu mwenyewe kwa misimu kadhaa. Chagua mahindi yakiwa bado shambani, katikati ya shamba na si pembezoni, kwenye mimea yenye afya iliyozaa vizuri ikiwa katikati ya wenzake. Usingoje kuchagua ghalani, kwa sababu ghalani unaona gunzi tu na mmea uliolizaa huuoni.

Na mbegu zetu za asili, mdzihana, mingawa na kanjerenjere? Tusizitupe. Hazitoi magunia mengi, lakini ganda lake hufunika hindi mpaka ncha na fukusi hupata taabu kuingia. Tena wazee watawaambia kuhusu ladha ya ugali wake, na hapo sisi tunakubaliana na wazee. Mtu mwenye eka moja anaweza kutenga robo yake kwa mdzihana na asipate hasara.

SIKU YA KUPANDA

Mvua za masika, ambazo wengi hapa huziita mvua ya mwaka, huanza mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili. Mvua kubwa zaidi ni ya Mei. Mkulima anayeanza kusafisha shamba baada ya mvua ya kwanza amekwisha kuchelewa, maana atapanda wiki mbili au tatu baadaye.

Wiki tatu zina neno gani? Zina neno kubwa. Wakati wa kiangazi udongo ni kama umelala. Mvua ya kwanza ikinyesha, vijidudu visivyoonekana kwa macho huamka, huozesha majani na mizizi iliyokufa, na chakula cha mimea kiitwacho naitrojeni hufunguka kwa wingi. Lakini udongo wetu ni wa mchanga, na mchanga hauna kifua cha kuweka kitu. Zikishuka mvua za Mei, chakula kile huteremka nazo kwenda chini sana. Mahindi yaliyopandwa mapema yana mizizi tayari yanakula. Yaliyopandwa Mei yanakuta sahani imefagiliwa. Isitoshe, yaliyochelewa hukuta funza wa mabua wamekwisha kuzaliana kwa jirani na wanatafuta makao mapya.

Kwa hiyo safisheni mashamba Februari. Anayeweza apande kavu, yaani mashimo na mbegu viwe tayari siku chache kabla ya mvua. Mbegu ya kupandwa kavu ifukiwe chini kidogo kuliko ile sentimita 5 ya kawaida, ili manyunyu ya siku moja yasiidanganye ikachipua kisha ikakauka. Kupanda kavu kuna hatari yake, hatufichi. Mvua inaweza kukawia, panya na ndege wakala. Mwenye wasiwasi apande kavu nusu ya shamba, na nusu nyingine ailaze mashimo yakiwa tayari.

NAFASI

Hapa hatutakaa sana, ila tuna njia moja rahisi ya kupima. Tepu ya fundi cherehani ina sentimita 150. Ikunje kwenye 90, na kilichobaki ni 60. Basi hapo umepata vipimo vyote viwili: mstari hadi mstari sentimita 90, shimo hadi shimo sentimita 60. Chukua kamba ya kumbi au ya katani, ifunge mafundo kila sentimita 60, na kijiti kimoja kikate urefu wa 90. Kamba hiyo ya kikundi itatumika miaka. Tia mbegu tatu kila shimo, na mahindi yakifika kiganja cha mkono ng'oa moja iliyo dhaifu zibaki mbili. Eka itakuwa na mimea kama elfu kumi na tano.

Wengi wetu hutia mbegu tano, eti moja ya kware, moja ya panya, nyingine ya Mungu. Kisha kware asipokuja, hakuna mwenye moyo wa kung'oa. Mimea mitano katika shimo moja ni kama watoto watano katika shuka moja, kila mmoja huvuta kwake. Mwishowe mnavuna vigunzi vya kuchezea watoto. Ukitaka kunde shambani, na tunakushauri uzitake, zipande katikati ya mistari. Kunde hufunika udongo, hurudisha naitrojeni kidogo, na mboga yake huliwa mapema wakati mahindi bado.

Mbolea nayo. Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza vizuri, konzi moja au mbili kila shimo, ni dawa ya mchanga wetu, maana husaidia pia kushika maji. Mwenye kumudu mbolea ya dukani, kifuniko cha soda kimoja cha mbolea ya kupandia kila shimo, uchanganye na udongo kabla ya kutia mbegu isije ikaungua. Mfuko wa kilo 50 utakaribia kutosha eka. Ile ya kukuzia hutiwa mahindi yakifika magotini, na hutiwa baada ya palizi. Ukiitia kabla, umelisha ndago. Tena miaka ya 1990 kituo cha Mtwapa kilifanya majaribio ya mikunde kama mukuna, inayopandwa ili iozee shambani iwe mbolea ya kijani. Mwenye sehemu iliyochoka aende akaulize.

Hapa kuna neno la pembeni ambalo hatuwezi kuliruka. Baadhi yenu mnalima viwanja vya watu wasioishi hapa, au mashamba ambayo hati zake ziko mbali. Mwaka huu unalima, mwaka ujao unakuta ua limejengwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kubeba samadi ya miaka mitatu kuipeleka kwenye udongo usio wake ni kazi ya kufikiria mara mbili. Tunamwambia atie samadi ndani ya shimo, kiasi cha msimu huu, wala asitandaze shamba zima. Na mapatano ya kulima, hata ya mdomo, yafanyike mbele ya mzee wa mtaa.

PALIZI

Sasa tufike penyewe.

Mahindi hayalii. Mbuzi akikosa maji utamsikia. Hindi likinyang'anywa chakula likiwa na majani matano, linanyamaza, linaendelea kusimama pale, rangi imefifia kidogo tu. Mwenye shamba anasema, "Nitapalilia wiki ijayo." Lakini kuna kitu kinachotendeka ndani ya shina ambacho macho hayakioni. Kati ya jani la tano na la nane hivi, mmea hupanga gunzi lake litakuwa na mistari mingapi ya punje. Kwa joto la Pwani, huo ni wakati wa wiki ya tatu mpaka ya tano baada ya kuchipua. Mmea ulioshindana na magugu kwa maji na chakula siku hizo hupanga gunzi dogo. Ukija kupalilia wiki ya saba shamba litapendeza, majani yatarudi kijani, na wapita njia watakusifu. Lakini idadi ya mistari ilikwisha kuamuliwa.

Ndiyo maana twasema palizi la kwanza lifanywe wiki ya pili au ya tatu baada ya mahindi kuchipua, magugu yakiwa bado madogo. La pili lije wiki ya tano au ya sita, kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Palizi la kwanza likikosa siku yake, la pili haliwezi kulipa deni.

Palilieni asubuhi ya siku yenye dalili ya jua, magugu yaliyokatwa yakauke juu ya ardhi. Ndago ikikatwa siku ya mvua ni kama imehamishwa tu. Msichimbe karibu na shina, mizizi ya mahindi iko juu juu.

Wakati wa palizi ndio wakati wa kukagua wadudu pia. Funza wa mabua tunaye siku nyingi, na yule aliye mkali zaidi Pwani asili yake ni Asia. Ndiyo maana mwaka 1993 watafiti wa ICIPE walimwachilia huku kwetu nyigu mdogo sana aliyetolewa Pakistan, ambaye hutaga mayai ndani ya funza huyo na kumuua. Nyigu huyo bado yupo, anafanya kazi bila mshahara, basi msimuue ovyo kwa kunyunyiza dawa zisizohitajika. Mabua ya mwaka jana msiyaache yamesimama, funza hulala humo. Kisha kuna viwavijeshi vamizi, waliojulikana kuingia Kenya mwaka 2017. Hao hukaa kwenye moyo wa mmea na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Kagueni mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema, mkifinya mayai na viwavi wadogo kwa mkono. Kwa eka moja, watoto wawili na mama yao wanaweza, kabla ya saa za shule lakini.

KWA NINI BASI HATUPALILII MAPEMA?

Haya tuliyosema si mageni. Mabwana shamba wameyasema, redio imeyasema. Wengi wenu mnaweza kusimama hapa mkayasema vizuri kuliko sisi. Kwa nini basi ukipita kuanzia Junju kwenda Chonyi mwezi wa Mei unakuta mashamba yamemezwa na nyasi?

Wako wanaosema ni uvivu. Sisi hatukubali, na tungependa neno hilo lisitumike katika vikao vyetu. Tuchukue mfano wa mama mmoja, asiwe wa kijiji chochote. Ana eka moja na watoto wanne. Mahindi yake ya mwaka jana yaliisha Januari. Amepanda kwa wakati, mahindi yamechipua vizuri. Wiki ya tatu inafika, magugu yameanza, na nyumbani hakuna unga. Atafanya nini? Atachukua jembe lake aende kulima kibarua kwenye shamba la mwenye uwezo, apate fedha ya unga wa siku hiyo. Kesho vivyo hivyo, na kesho kutwa. Yaani katika wiki zile ambazo shamba lake linamhitaji kuliko wakati wowote, nguvu zake zinapalilia shamba la mtu mwingine. Kupalilia eka kwa jembe la mkono humchukua mtu mmoja siku kumi hadi kumi na mbili, akiwa mzima na hana mtoto mgongoni. Huyu anapata Jumamosi mbili. Anamaliza mwezi wa Juni. Agosti anavuna magunia matatu, moja linakwenda kulipa deni la dukani, yaliyobaki yanaisha Januari. Aprili ikifika, jembe begani, kibarua.

Mama huyu si mvivu. Huenda ndiye anayefanya kazi kuliko sisi sote tuliokaa hapa. Njaa ya Aprili ndiyo inayozaa njaa ya Aprili ijayo, na njia inapopitia ni palizi la kwanza.

Wazee wa Kigiriama njaa kubwa ya miaka ya 1898 hadi 1900 waliiita Magunia, kwa ajili ya magunia ya chakula yaliyoletwa kuokoa watu. Miaka zaidi ya mia imepita na bado tunaona malori ya magunia yakienda Ganze na Bamba ukame unapokaza. Kwa huko ndani, ambako mvua yenyewe ni chache, tunaelewa, na huko mtama na muhogo ni salama kuliko mahindi. Lakini sisi wa ukanda huu wa karibu na bahari, mvua tunayo. Kinachotukosesha ni zile wiki mbili.

Na akina baba, tusameheane, lazima tulitaje. Kufyeka na kupanda mnashiriki. Palizi limeachiwa akina mama, kana kwamba magugu ni shughuli za jikoni. Kijana anayeendesha bodaboda Mtwapa mjini akitoa asubuhi tatu tu katika wiki ya tatu, anaweza kumwokoa mama yake gunia zima.

MWERIA

Dawa mnayo wenyewe, na jina lake mnalijua: mweria. Watu wanakusanyika shamba la mmoja, kesho la mwingine. Lakini tuutazame mweria vizuri, maana una tundu moja. Kwa desturi, mwenye shamba ndiye huwalisha waliokuja kumlimia, na zamani hata mtungi wa tembo ulikuwepo. Sasa yule mama wa mfano wetu, asiye na unga wa watoto wake, ataita mweria kwa chakula gani? Hawezi. Kwa hiyo mweria ulikuwa ukiwasaidia zaidi wenye akiba, na aliye mhitaji kabisa alikuwa akienda kuwalimia wenzake apate kula. Hilo ndilo tundu tunalotaka vikundi viwili au vitatu vijaribu kuliziba msimu huu.

Namna ni hii. Kila mwanachama alete kibaba kimoja cha unga kila siku ya kazi, na mwenye kunde au samaki wa kukausha alete. Sufuria ni ya kikundi. Mwenye shamba hadaiwi kitu isipokuwa maji na kuni. Kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi, iishe saa nne au tano jua halijawa kali, ili anayekwenda biashara yake aende. Kikundi cha watu kumi na wawili wenye jembe kali hupalilia eka moja kwa asubuhi moja au asubuhi moja na nusu. Jasho ni lile lile ambalo kila mmoja angelitoa peke yake, isipokuwa sasa kila shamba linamalizwa kwa mpigo, ndani ya siku zake.

Ugumu utakuwa wapi? Utakuwa kwenye zamu. Mashamba kumi na mawili yanataka asubuhi kumi na mbili au kumi na tano, na zamu ya mwisho itaangukia wiki ya nne au ya tano. Kila mtu atataka wa kwanza awe yeye. Tumeona vikundi vikipiga kura kwa vijiti, na tumeona vingine vikianza na mwenyekiti, kisha katibu, kisha mweka hazina. Kwa maoni yetu kura ni afadhali kuliko vyeo, lakini zote mbili zinakosea. Aanze yule ambaye asipopaliliwa wiki hii ataondoka kwenda kibarua. Mnamjua, kila kikundi kinamjua, hata kama kwa aibu hasemi. Mwenye akiba ya mahindi mpaka Juni anaweza kupalilia mwenyewe nusu ya shamba akingoja zamu yake. Mwenye njaa hana uwezo huo.

Wengine watauliza, je, tukimwanza yeye halafu akaondoka asitulimie sisi? Swali ni la haki. Akiwa na uhakika wa kula kwenye sufuria ya kikundi siku zote kumi na mbili, na kipimo cha unga cha kupeleka kwa watoto, sababu yake ya kuondoka imepungua sana. Kipimo hicho kitoke kwenye mfuko wa kikundi kama mkopo wa nafaka, pishi kwa pishi, alipe Agosti akivuna, bila riba. Asiyefika siku ya kazi alete mtu badala yake. Mgonjwa na mwenye msiba wasitozwe.

Kanuni moja zaidi, ambayo vikundi huisahau: pimeni maeneo. Kila mwanachama apaliliwe eka moja tu, au nusu eka mkikubaliana hivyo. Mwenye eka tano asije na mtu mmoja akaondoka na kazi ya watu sitini. Hapo kikundi kingegeuka kuwa vibarua vyake bila malipo.

Kulinda nyani na tumbili pia kuwe kwa zamu za watu wazima. Tumeona watoto wakikaa shambani Julai nzima wakati wenzao wako darasani, na hatukufurahi.

AGOSTI

Tuongeze neno juu ya ghala, kwa sababu njaa ya Aprili huanzia huko. Msivune mkaweka ndani mahindi yenye unyevu. Anikeni juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo. Kupima ni rahisi: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi mpaka theluthi, tia kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi, yarudishwe juani. Jambo hili si la fukusi tu. Mwaka 2004, huko Ukambani, mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini yaliwaugua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yaliyoota ukungu msiyale, wala msiwape kuku, wala msiyapeleke kwenye pombe.

Lutsaga juu ya meko bado ni nzuri kwa mahindi ya asili yenye maganda, moshi huwafukuza wadudu. Kwa chotara yaliyopukuchuliwa, yale magunia yasiyopitisha hewa yana faida kubwa, maana dumuzi, aliyeingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983, hujifia humo kwa kukosa pumzi. Ni ghali kidogo, lakini gunia moja hutumika zaidi ya msimu mmoja lisipotoboka. Kikundi kinaweza kununua kwa pamoja.

Sasa tunaomba kila kikundi kifanye kikao kimoja kabla ya mwisho wa Februari. Njooni na kamba ya mafundo na tepu ya fundi. Katibu aandike kwenye daftari jina la kila mwanachama, ukubwa wa shamba lake, na mahindi yake ya akiba yatamfikisha mwezi gani. Hilo la mwisho watu wataona haya kulisema, basi mweka hazina na mama mmoja mzee mnayemwamini wapite nyumba kwa nyumba waulize kwa faragha, na daftari lisisomwe hadharani. Kutokana na orodha hiyo mpange zamu ya palizi la kwanza, mkianza na ambaye akiba yake imekwisha. Sisi tutapita wiki ya kwanza ya Machi kuona orodha hizo, na tukialikwa tutakuja na majembe yetu siku ya shamba la kwanza, pamoja na vibaba vyetu.